Mifuko Miwili ya Dawa: Mwongozo wa Muuguzi Anayemfuata Mgonjwa Nyumbani Baada ya Kuruhusiwa

Mwongozo huu ni wa muuguzi anayekwenda nyumbani kwa mgonjwa aliyetoka wodini, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeongozana naye. Nimeuandika kwa sababu wenzetu wapya wanakwama palepale kila mara. Wanafika, wanachora ratiba nzuri ya dawa, wanaibandika ukutani, wanaaga. Wiki inayofuata mgonjwa amerudishwa hospitali, na ratiba bado iko ukutani.

Ratiba haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa na mifuko miwili: uliotoka hospitali jana, na uliokuwa juu ya kabati tangu mwaka jana. Hakuna aliyesema upi umeshakufa. Mgonjwa anakunywa yote miwili, au anaushika wa zamani kwa kuwa vidonge vyake amezoea rangi. Kwa hiyo tunaanza na meza. Ratiba inakuja baadaye.

## Vitu vya kubeba

- Karatasi ya kuruhusiwa (au picha yake kwenye simu) na namba ya wodi au kliniki iliyomruhusu. Bila namba hiyo, umekwenda kusalimia tu.
- Daftari, kalamu mbili za rangi tofauti na maka.
- Bahasha za kaki kama kumi.
- Kipima presha, kipima sukari na vijiti vyake, saa yenye mshale wa sekunde, na mizani ya kusimama kwa mgonjwa wa moyo.
- Kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba. Famasi za mjini wanaviuza. Kikikosekana, vifuko vidogo vya plastiki vya kutilia dawa vinatosha.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, kwa mgonjwa anayechoma insulini.
- Salio la simu. Usicheke, nimeshakwama kwa hilo.

Fika ndani ya siku mbili za kwanza, na ufike asubuhi kabla dawa hazijanywewa. Ukifika saa tano utasimuliwa. Ukifika saa moja na nusu utaona mwenyewe.

## Hatua ya 1: Dawa zote mezani

Salimia, kaa, kunywa chai ukikaribishwa. Kisha omba: "Mama, naomba tuzione dawa zote zilizomo humu ndani, za zamani na za sasa, hata za mafua."

Usiulize "Unakunywa dawa vizuri?" Jibu lake ni "Ndiyo" siku zote, kwa heshima yako tu. Uliza kitu kinachohitaji mkono: "Nionyeshe ulizokunywa jana usiku."

Taja mahali: juu ya kabati, kwenye friji, chini ya mto, kwenye mkoba wa kanisani, kwenye droo ya kitanda. Uliza pia dawa zilizotumwa na ndugu wa mbali. Familia yenye mtoto Muscat au Marekani mara nyingi ina kopo kubwa la vitamini ambalo hakuna anayelihesabu kuwa dawa.

Halafu ya miti shamba. Uliza kwa sauti ileile, bila kukunja uso: "Na za nyumbani je, mnatumia? Mwarobaini, mlonge, shubiri?" Mwarobaini unaweza kushusha sukari, na mgonjwa akiuchanganya na vidonge vya sukari anaweza kuanguka. Ukimkemea leo, kesho atauficha, nawe utatafuta sababu ya sukari ya 2.8 mmol/L (iliyoshuka mno) bila kuipata.

Hatua imekamilika pale mtu wa nyumbani anapoinuka mwenyewe na kusema, "Ngoja, kuna nyingine chumbani." Isipotokea, uliza tena.

## Hatua ya 2: Mafungu matatu

Weka karatasi ya kuruhusiwa katikati. Chukua dawa moja moja, soma jina la dawa yenyewe kwenye boksi au ukanda (lile la maandishi madogo chini ya jina la kiwanda), miligramu, na tarehe ya kuisha muda.

Fungu la kwanza: iko kwenye karatasi na iko mezani. Fungu la pili: iko mezani, haimo kwenye karatasi. Fungu la tatu ni mstari mtupu: imo kwenye karatasi, mezani haipo. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na sababu yake kwa kawaida ni pesa. Waliandikiwa tano, wakanunua tatu, wakaona aibu kusema.

Katika fungu la pili tafuta mitego miwili.

Dawa moja, majina mawili. Lasix ni furosemidi, ya kutoa maji mwilini. Glucophage ni metformini, ya sukari. Norvasc ni amlodipini, ya presha. Mgonjwa akiwa na boksi la jina la kiwanda na kifuko cha jina la dawa, anakunywa dozi mara mbili akiamini anatibiwa magonjwa mawili.

Dawa mbili za ukoo mmoja. Mfano ninaokutana nao zaidi: mzee alikuwa akitumia enalaprili ya presha, ikamletea kikohozi kikavu. Wodini daktari akambadilishia losartani. Hakuna aliyemwambia aache enalaprili, naye ana vidonge arobaini kabatini alivyovinunua kwa fedha zake. Anakunywa zote mbili. Presha inashuka kupita kiasi, potasiamu inapanda, figo zinaumia.

Onyo la pekee ni kwa dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinanunuliwa kama pipi, na mgonjwa hazitaji kwa kuwa ni "za mgongo tu." Kwa anayetumia furosemidi pamoja na enalaprili au losartani zinaweza kuziumiza figo, kwa mgonjwa wa moyo zinarudisha maji mwilini, kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini zinaleta kutokwa damu. Ziweke fungu la pili hata kama mwenyewe anasema hazitumii.

## Hatua ya 3: Piga simu ukiwa hapohapo

Wewe huongezi dozi, hupunguzi, wala hufuti dawa kwa akili yako. Kazi yako ni kuona mgongano na kumfikishia aliyeandika. Piga ukiwa mezani, dawa zikiwa mbele yako, si jioni ukiwa ndani ya daladala.

Uliza jambo moja kwa mara moja: "Daktari, nina mgonjwa wako aliyeruhusiwa Jumatatu. Nyumbani ana enalaprili miligramu 10. Karatasi ina losartani 50. Aendelee na ipi?" Akijibu, mrudishie kwa maneno yake, kisha andika jibu, jina lake, tarehe na saa.

Asipopokea, fuata karatasi mpya mpaka jibu lije, isipokuwa kwa kundi hili: insulini, dawa za kifafa, prednisoloni (dawa ya steroidi), dawa za kifua kikuu, ARV, na dawa za moyo kama atenololi. Hizi kukatika ghafla kunaweza kudhuru, na zikikosekana kwenye karatasi wakati mgonjwa alikuwa akizitumia, mara nyingi ni mwandishi aliyepitiwa. Usiondoke bila kumpata mtu wa kukujibu. Jaribu kliniki, jaribu famasi ya hospitali, jaribu daktari wa zamu.

Dawa zilizosimamishwa ziingie kwenye bahasha ya kaki. Andika kwa maka USITUMIE, sababu na tarehe. Usizipore, ni mali yake. Mweleze, na akikubali zipeleke famasi au kituo cha afya zikateketezwe. Zisitupwe chooni wala kwenye jalala ambako watoto wanaokota.

Umefaulu meza ikibaki na fungu moja tu.

## Hatua ya 4: Mpate mshika dawa

Kila nyumba ina mtu anayelipia dawa na mtu anayekuwepo. Mara chache ni mmoja. Kijana anayelipa yuko kazini Kariakoo hadi usiku; anayekuwepo ni mjukuu wa kike wa miaka kumi na saba ambaye hakuna aliyemweleza lolote. Mfundishe anayekuwepo, mpe heshima anayelipa kwa kumpigia simu na kumweleza mlichokubaliana.

Mgonjwa mwenye akili timamu na macho mazuri awe mshika dawa wake mwenyewe. Usimnyang'anye hilo kwa sababu tu ni mzee.

## Hatua ya 5: Geuza karatasi iwe siku ya nyumba hiyo

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na lugha yetu imo lawamani.

Kifuko kimeandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nimekuta baba aliyekunywa vidonge vitatu kwa mkupuo kila asubuhi. Kimeandikwa "kutwa mara tatu," na kwa Mswahili kutwa ni mchana wa jua, kwa hiyo mama anabana dozi tatu kati ya alfajiri na magharibi, kisha usiku mzima mwili hauna kitu. Kwa dawa ya kuua vijidudu inayotakiwa kila baada ya saa nane, taja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Halafu tarakimu. Hospitali ikiandika "8" kwa saa za kizungu, nyumbani inasomwa saa nane. Binti mmoja alikuwa akimwamsha baba yake saa nane za usiku wa manane kumpa kidonge cha presha, wiki nzima, kwa utiifu kabisa. Daktari alikusudia saa mbili usiku. Usiache tarakimu tupu kwenye karatasi unayoiacha. Andika "saa mbili usiku" kwa maneno, ufute ya zamani kwa mstari.

Bora zaidi, ifunge dawa kwenye jambo ambalo nyumba tayari inalifanya: chai ya asubuhi, adhana ya Adhuhuri, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Saa ya ukutani inaweza kuwa imesimama. Taarifa ya habari haisimami.

Furosemidi inywewe asubuhi. Ikiwa ni mara mbili, ya pili isipite saa nane mchana. Ikinywewa usiku mgonjwa ataamka mara nne kwenda choo cha uani, gizani, na utaitwa kwa sababu ya nyonga iliyovunjika.

"Baada ya kula" inahitaji maelezo. Mgonjwa asiye na chakula mchana anaruka dawa zote, maana ameambiwa asizinywe tumbo tupu. Mtenganishie. Amlodipini na losartani hazingojei chakula. Metformini inataka chakula ili isichafue tumbo. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ndiyo ya hatari: asipokula asiinywe, na kama milo yake haina uhakika, mwambie daktari. Madini ya chuma yasinywewe na chai, kwani chai inazuia yasifyonzwe. Omeprazoli itangulie chakula kwa nusu saa.

Ramadhani. Uliza mapema, kabla ya mwandamo: "Mzee, utafunga?" Wengi watafunga bila kukuambia, wakihamishia dozi zote kwenye futari. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi daktari anaweza kuihamishia futari au daku; ya mara tatu, insulini na glibenklamidi ni za kupangwa upya na daktari kabla ya funga ya kwanza. Mgonjwa wa sukari anayefunga ajue kwamba kujipima kidole mchana wataalamu wanakuhimiza, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua papo hapo.

Kipimo cha mafanikio: mwombe mshika dawa akusimulie siku nzima tangu kuamka hadi kulala, bila kutazama karatasi. Akikwama mahali, umeshajua pa kurekebisha.

## Hatua ya 6: Jazeni kisanduku, kwa mikono yao

Wajaze wao, wewe utazame. Ukijaza wewe, wiki ijayo kitabaki kitupu.

Wiki moja tu kwa mara moja. Maboksi na kanda zisitupwe, maana tarehe ya kuisha muda imeandikwa pale. Vidonge vinavyoachia dawa taratibu, kama nifedipini ya masaa mengi, visivunjwe wala kusagwa hata kama mgonjwa anameza kwa shida. Hilo nalo ni la kumpigia daktari. Kisanduku kikae mbali na jiko, jua na watoto. Juu ya friji panaonekana pazuri, lakini pana joto.

## Hatua ya 7: Dawa zisizosamehe

Dawa nyingi zinavumilia kosa la siku moja. Hizi hazivumilii. Tumia muda wako hapa.

Insulini. Kwanza soma bomba la sindano. Insulini ya kawaida sasa ina yuniti 100 kwa mililita, na bomba lake liandikwe U-100. Bomba la U-40 likitumika na insulini hiyo, mgonjwa anachoma mara mbili na nusu ya alichoandikiwa. Insulini ya mawingu (ile nyeupe kama maziwa) iviringishwe kati ya viganja taratibu, isitikiswe. Sehemu ya kuchoma ibadilishwe kila mara, tumbo na mapaja, maana pakizoea panakuwa pagumu na dawa haiingii sawasawa.

Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, tupa, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Nyumba isiyo na friji itumie chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, chupa ikiwa ndani ya kifuko kikavu. Njia hii inafanya kazi vizuri zaidi Dodoma na Singida kuliko Dar au Tanga, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu na maji hayakauki upesi. Iliyofunguliwa iandikwe tarehe kwa maka na isipite wiki nne.

Mfundishe kila mtu wa nyumbani dalili za sukari kushuka: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuongea ovyo. Akiweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, pimeni tena baada ya dakika 15. Amepoteza fahamu? Msimtie kitu mdomoni. Gari, hospitali.

Warfarini. Saa ileile kila siku. Mchicha, kisamvu na matembele haviharamishwi, ila kiasi kisibadilike sana kutoka wiki hadi wiki. Fizi kutoa damu, mkojo mwekundu, kinyesi cheusi kama lami: hospitali siku hiyohiyo. (Madini ya chuma nayo hufanya kinyesi kuwa cheusi. Anayetumia vyote viwili asijipe jibu mwenyewe.)

Digoksini (dawa ya moyo). Hesabu mapigo dakika nzima kabla ya kumpa. Yakiwa chini ya 60, usimpe, piga simu. Kichefuchefu na kuona vitu vya manjano ni dalili ya dawa kuzidi.

Furosemidi kwa mgonjwa wa moyo. Apimwe uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na nguo za aina moja. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji. Usisubiri miguu ivimbe.

Dawa za kifua kikuu. Mwambie kabla hajaona: rifampisini inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Usipomwambia, atadhani ni damu na ataacha.

ARV zenye dolutegraviri. Madini ya chuma na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huizuia isifyonzwe. Anywe dolutegraviri masaa mawili kabla ya vitu hivyo, au masaa sita baada yake. Akiwa pia na metformini, daktari ajue, maana kiwango cha metformini kinapanda.

## Hatua ya 8: Ziara ya pili ni ya kuhesabu

Rudi siku ya nne au ya tano. Usianze na maswali, anza na vidonge. Alipewa 28 vya mara mbili kwa siku, siku tano zimepita, vibaki 18. Ukikuta 23, anakunywa kimoja. Ukikuta 13, anakunywa vitatu.

Hesabu ikigoma, tafuta sababu kabla ya kutoa mawaidha. Kizunguzungu kila akisimama? Mpime presha akiwa amelala, kisha amesimama. Anapunguza ili zifike mwisho wa mwezi? Hiyo ni pesa, na mazungumzo yake ni na daktari kuhusu dawa ya bei nafuu, au na ndugu. Hesabu ikiwa sawa lakini presha haishuki, jiulize kama vidonge vinaingia mdomoni au vinaishia kwenye dirisha.

## Hatua ya 9: Siku dawa zinapoisha

Tumewafundisha watu vizuri mno neno "maliza dozi." Dawa mseto ya malaria ni siku tatu, umemaliza, umepona. Sasa mgonjwa wa presha amepewa vidonge 30, amevimaliza, presha ni 128 kwa 80, naye anasema kwa furaha, "Nimemaliza dozi." Kwa akili yake ametii.

Kwa hiyo gawa dawa zake kwa majina mawili, na uandike kwenye kila boksi kwa maka: YA KUMALIZA na YA KUENDELEA. Sina maneno bora zaidi ya hayo, na yanaeleweka kwa bibi na kwa mjukuu.

Kisha linganisha tarehe ya kliniki na idadi ya vidonge. Kuandikiwa kliniki baada ya mwezi huku dawa ni za siku 14 ni jambo la kawaida kabisa. Zungushia kwenye kalenda siku tano kabla ya kuisha, andika nani atakwenda famasi. Akinunua, alete boksi la zamani alinganishe, kwa sababu duka linaweza kumpa za kiwanda kingine zenye rangi nyingine na miligramu nyingine.

## Ziara ya mwisho

Kaa kwenye kiti, mikono kwenye mapaja. Mshika dawa ajaze kisanduku cha wiki, apime presha au sukari, aandike daftarini, na akuambie atampigia nani mgonjwa akitokwa jasho saa tisa usiku. Wewe usiseme neno mpaka amalize.

Akivuka, toa nakala mbili za orodha ya dawa iliyosafishwa: moja ibaki ndani ya kisanduku, nyingine ipeleke zahanati ya mtaa. Ya zamani, ile uliyoikuta ukutani, ichane mbele yao.